Kuta Tutajenga, Mlango Ataufungua Nani?

Hotuba kwa wanachama kuhusu jengo la maktaba

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, vijana, na ninyi nyote mliotoka Kasulu na Kibondo, pamoja na ndugu zetu wa Buhigwe na Kakonko, ambao mwaka 2012 wilaya zilitugawa lakini harusi na misiba bado ni ya pamoja: mwakeye!

Nimeombwa niseme machache juu ya historia ya majengo ya maktaba kabla hatujachangia letu. Sitawachosha, maana chakula kimeshaanza kunukia.

Wengi wetu hapa tuna babu au babu mkubwa aliyekwenda Tanga kukata mkonge. Waliitwa manamba, na Buha ilikuwa moja ya sehemu zilizotoa vibarua wengi. Mkonge ulikuwa zao kubwa la Tanganyika la kuuza nje. Katika miaka ya 1950, mjini Tanga palijengwa maktaba nzuri iliyopewa jina la ukumbusho wa Mfalme George wa Sita. Jengo lipo hadi leo, na sasa ni maktaba ya mkoa. Majina ya babu zetu hayamo ukutani pale, lakini jasho lao limo katika utajiri wa mji ule.

Nairobi walitangulia. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, ina nguzo kubwa mbele na simba wa mawe langoni. Kwa miaka mingi walioruhusiwa kusoma ndani ni Wazungu tu. Vitabu vilikuwepo, viti vilikuwepo, na Mwafrika alipita barabarani akatazama simba.

Kwa waliokaa mbali na miji ilikuwepo East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ikapeleka vitabu kwa posta na kwa masanduku. Mimi nalipenda sana lile sanduku. Halikuwa na jiwe la msingi, lakini lilifika kwa msomaji.

Baada ya uhuru, serikali yetu ililichukua jambo hili kwa uzito. Sheria ya mwaka 1963 iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wazee wetu walikaa chini ya miti wakajifunza kuandika majina yao, na maktaba za vijijini zikaanzishwa ili aliyejua kusoma asisahau. Kisha zikaja shida: vita vya Kagera, mafuta kupanda bei, fedha za kigeni kukosekana. Kitabu kikawa kitu cha anasa. Mahali pengi kuta zilibaki, rafu zikabaki na vitabu vilevile vya miaka ya nyuma, na aliyekuwa akishika ufunguo akaenda shambani kwake, maana naye ana watoto.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Kuta kwetu si kazi ngumu. Udongo tunao, kufyatua na kuchoma tofali tunajua, mafundi wapo. Kamati ya ujenzi naiomba mambo matatu tu. Dari iwekwe tangu mwanzo, kwani kwetu mvua huanza Oktoba hadi Mei, na chini ya bati tupu hata mwalimu mwenye sauti kubwa hasikiki, sembuse mtoto anayetaka kusoma kwa utulivu. Madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni lisichome wasomaji na vitabu. Na rafu zisigusane na ukuta wala sakafu, kwa sababu mchwa wa Kasulu hauhitaji kadi ya uanachama.

Kigumu ni mtu wa kufungua mlango. Wapo katika kamati wanaosema tujenge kwanza, mtunza maktaba tutamtafuta baadaye. Nawaelewa. Jengo hupigwa picha, mshahara haupigwi picha. Lakini ofisi zetu hufungwa saa tisa na nusu alasiri, na saa hiyo ndiyo mwanafunzi wa sekondari anatoka shule na mama anaanza kufunga bidhaa sokoni. Maktaba yetu ikifuata saa za ofisi, itawahudumia wasiokuwa na haja nayo. Lazima ifunguliwe jioni na Jumamosi, na hilo lina gharama: mtu, taa, mlinzi.

Mtu huyo anaweza kuwa kijana wetu. Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi kilicho chini ya Bodi ya Maktaba. Tumsomeshe mmoja sasa, wakati tofali zinachomwa, ili paa likikamilika naye awe amerudi. Ujuzi wa namna hii una faida. Nairobi, tangu mwaka 2017, taasisi ya Book Bunk imekuwa ikifufua maktaba zilizochakaa, zikiwemo zile za mitaani za Kaloleni na Makadara. Hawakujenga mapya. Walirudisha uhai katika kuta zilizokuwepo, jambo ambalo tungeliepuka kama tukianza vizuri.

Kwa hiyo napendekeza kwamba katika kila shilingi 100 tutakazochanga leo, 60 ziende kwenye ujenzi, na 40 ziwekwe benki katika akaunti ya peke yake kwa ajili ya uendeshaji, zisiguswe na kamati ya ujenzi hata kama saruji imepanda bei. Hasa kama saruji imepanda bei. Na vitabu vya kwanza kununuliwa viwe vya Kiswahili, vya kiada na vya hadithi, pamoja na vya kilimo cha maharage, kahawa na migomba.

Mezani kwenu mtakuta bahasha mbili. Nyeupe ni ya ujenzi, ya kaki ni ya uendeshaji. Mhazini amekaa pale karibu na mlango, ana kitabu cha risiti. Mimi naanza na ya kaki.