Nani Aliyetengeneza Kibodi Hii?

Natumaini nyote mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana kalamu na karatasi yake. Katika somo la juma lililopita tulijifunza jinsi ya kusafisha kibodi, yaani ule ubao wa vitufe tunaoutumia kuandikia maneno katika kompyuta. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo jingine: ukipata kibodi ya zamani, utajuaje ni nani aliyeitengeneza?

Huenda mmoja wenu akasema, "Bwana Elimu, hilo ni swali la mtoto. Jina si limeandikwa pale mbele?" Naam, limeandikwa. Lakini jina la mbele ni jina la aliyeiuza. Mwenye duka aweza kuuza unga katika mfuko wenye jina lake, nao unga ukawa umesagwa katika kinu cha mtu mwingine kabisa. Ndivyo ilivyo kwa kibodi nyingi.

Nami sisemi haya kama mtu ambaye hajakosea. Miaka michache iliyopita nilikwenda kukagua ghala ya darasa moja la watu wazima. Wanafunzi walikuwa wengi na kibodi chache, hata watu watatu walikuwa wakingojeana kwa kibodi moja. Ghalani nikakuta kibodi ya zamani, nzito kama tofali, na kitufe chake kimoja hakifanyi kazi. Nikasoma jina la mbele, nikajiambia kuwa kampuni ile haifanyi tena kazi hiyo, basi vipuri havipatikani. Nikaandika katika daftari, "Haifai." Ikachukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu. Baadaye fundi mmoja kijana akaniuliza, "Bwana Elimu, uliipindua ukasoma nyuma?" Sikuwa na jibu. Hata leo sijui kama siku ile nilitupa takataka au nilitupa mali ya darasa.

Basi, ili ninyi msifanye kama mimi, tuwaite mashahidi watatu.

Shahidi wa kwanza ni lebo ya nyuma. Chomoa kwanza waya wa kibodi katika kompyuta, kisha ipindue taratibu juu ya kitambaa. Futa vumbi, lakini usiikwangue lebo. Nakili kila neno na kila namba, hata zile usizozielewa.

Tuchukue mfano wa kibodi iitwayo Model M, ya kampuni ya IBM ya Marekani, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1985. Nyuma yake utakuta namba ya aina, tarehe ya kutengenezwa, na nchi ilikotoka. Namba 1391401, mathalan, ni ya Model M yenye vitufe 101 kwa mpango wa herufi wa Kimarekani. Nyingi zilitengenezwa katika mji wa Lexington, jimbo la Kentucky, na nyingine Greenock, huko Scotland. Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 1991 IBM iliiachia kazi hiyo ya Lexington kampuni mpya iitwayo Lexmark. Jina la IBM likaendelea kukaa mbele ya kibodi, lakini lebo ya nyuma ikasema kuwa imetengenezwa na Lexmark kwa ajili ya IBM. Mwaka 1996 Lexmark nayo ikaacha kazi ya kibodi, na kampuni iitwayo Unicomp ikaichukua, huko huko Lexington. Unicomp ingali ikitengeneza kibodi za namna hiyo na kuuza vipuri vyake. Mnaona? Anayesoma jina la mbele tu atabisha mlango ambao mwenyewe amehama zamani. Anayesoma nyuma na kufuata habari ile hatua kwa hatua atafika kwa mtu anayeweza kumsaidia.

Shahidi wa pili ni namba ya FCC. Hiyo ni Tume ya Mawasiliano ya Marekani. Mashine za namna hii hutoa mawimbi yanayoweza kuharibu usikivu wa redio, kama hii mnayoisikiliza sasa, na kwa hiyo Tume ilitaka vifaa vya kompyuta vipimwe kabla ya kuuzwa nchini humo. Kwenye lebo tafuta maneno FCC ID. Kwa kibodi za zamani, alama tatu za mwanzo humtaja aliyeomba kibali. Orodha yake iko wazi katika intaneti, katika ukurasa wa Tume yenyewe, na haina malipo. Kibodi ya Dell AT101W, kwa mfano, aghalabu huwa na namba GYUM92SK. Herufi GYU si za Dell. Ni za Silitek, kampuni ya Taiwan.

Lakini angalieni: aliyeomba kibali si lazima awe mwenye kiwanda. Pengine muuzaji mwenyewe ndiye aliyeomba. Kwa hiyo tunamhitaji shahidi wa tatu.

Huyu yuko chini ya vitufe. Shika kitufe kimoja kwa pande zote mbili, ukivute juu moja kwa moja, bila kukipinda. Katika Model M utaona springi imesimama ndani ya kijitundu, ukibonyeza hujikunja ghafula na kulia "tak!" Katika kibodi nyingine utakuta swichi ndogo, pengine imechapwa jina, kama vile Cherry au Alps. Hapa msikosee. Jina hilo ni la aliyetengeneza swichi, na huenda kibodi nzima iliundwa na mwingine. Kibodi ya Apple ya mwaka 1987 iitwayo Extended Keyboard ina swichi za Alps ya Japani. Kitasa cha mlango hakitutajii jina la seremala.

Mashahidi wakipatana, andika jina. Wasipopatana, andika yale kila mmoja aliyosema, uache nafasi, uendelee kutafuta. Huenda mtu alikwisha kubadilisha vitufe, au kuweka mgongo wa kibodi nyingine. Heri nafasi tupu katika daftari kuliko jina la uongo, kwa maana atakayekuja baada yako ataagiza vipuri kwa kufuata daftari hilo.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila kikundi kitafute kibodi moja ya zamani, kichore mistari minne katika karatasi, na kuandika: jina la mbele, maneno yote ya lebo, alama tatu za mwanzo za FCC, na kitu kilichoonekana chini ya kitufe. Kiongozi wa kikundi alete karatasi hiyo kwa mwalimu. Na kibodi yo yote isiandikwe "Haifai" kabla ya kupinduliwa.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi niliyekuwa na macho nilihitaji kuambiwa. Kwa herini, wasikilizaji, mpaka juma lijalo.