Hotuba ya Mhasibu Aliyejifunza Kuogelea Ukubwani



Mwenyekiti ameniomba nieleze ilikuwaje mhasibu wa miaka 44, mwenye kitambi kilichojengwa na chipsi na kiti cha ofisini, akamaliza triathloni. Nitasema kwa kifupi, halafu tuzungumze fedha.

Triathloni ni michezo mitatu mfululizo: kuogelea, baiskeli, kisha mbio. Saa haisimami hata unapobadili viatu. Niliingia ile fupi: mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za mbio. Ya Olimpiki, iliyoanza Sydney mwaka 2000, ni mara mbili ya hiyo.

Kilichonisukuma ni presha. Baba alianguka shambani kwa presha akiwa na miaka 51, na daktari aliponisomea vipimo vyangu nilipiga hesabu ya miaka iliyobaki. Sikuipenda.

Tatizo langu lilikuwa maji. Sisi tuliokulia milimani tunaijua ndiva, na wengi wetu tunakumbuka fimbo tulizochapwa kwa kuichezea. Yale maji hukusanywa usiku, asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Si ya mtoto kuogelea. Basi nikafika ukubwani najua kufunga hesabu za mwaka, sijui kuelea. Mwalimu wangu alikuwa na umri wa mwanangu wa kwanza. Mwezi mzima nilikaa upande wa bwawa wanakokaa watoto, nikijifunza kuzamisha uso na kutoa pumzi. Maandalizi yote yalichukua miezi saba.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa sita, kusi inavuma. Karibu na boya la pili wimbi lilinipiga usoni, nikameza maji, pumzi ikakata. Nikainua mkono. Kijana wa uokoaji akaja na mtumbwi wake, nikaushika kwa mikono miwili.

"Nipeleke ufukweni," nikamwambia.

"Mzee, ukipanda umetoka mashindanoni. Ukishika tu ukapumzika, unaruhusiwa. Ila mimi sipigi kasia."

Ndiyo kanuni: shika, mradi chombo kisikusogeze mbele. Nikahesabu pumzi ishirini, nikaachia.

Baiskeli ilikwenda vizuri, ingawa nusura niadhibiwe kwa kutaka kuigusa kabla ya kufunga kofia ngumu. Kwenye mbio miguu ilikuwa mizito kama ya kuazima. Nilimaliza, na nyuma yangu walibaki wawili tu. Presha imeshuka, ingawa dawa bado nakunywa.

Sasa fedha. Ndiva yetu imepasuka ukuta, na wakulima wa bondeni wamepoteza zamu zao. Wenzetu nyumbani hawakukaa wakisubiri. Wameitana kwa msaragambo, mawe yamebebwa kichwani, mchanga uko pale pale. Kilichokwama ni saruji na fundi.

Ndugu zangu, miaka ya nyuma tulikosea mara mbili. Kuna mwaka tulitaka kuwafanyia kila kitu kutoka mjini, mradi ukafa kwa sababu haukuwa wao. Na kuna mwaka tuliahidi hapa hapa kwa vigelegele, daftari langu likabaki na ahadi zisizolipwa. Wao walikuwa wameinua mkono, sisi hatukufika. Mwaka huu tuwe ule mtumbwi: tufike, tuwape pa kushika, kuogelea wanajua.

Mimi niliahidi shilingi 10 kwa kila mita. Mita 25,750 ni shilingi 257,500. Nimeziingiza kwenye akaunti ya chama kabla ya kusimama hapa, na risiti hii hapa.

Meza ya kupokea iko mlangoni. Mwenye elfu tano aje, mwenye zaidi aje. Ila tafadhalini, usiku huu tuandike tunachoweza kulipa.

Naomba kuwasilisha.