Slaidi za Hospitali: Tuzihifadhi, Lakini kwa Heshima

Hii ni hotuba ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti kwa wauguzi na maafisa wa rekodi za afya, wakati wa mafunzo ya kuhifadhi slaidi za zamani kidijitali.



Mimi si daktari. Nilisomea uanahabari. Nimekubali kuzungumza leo kwa sababu niliwahi kukosea kuhusu picha kama hizi, na sitaki mtu mwingine arudie kosa langu.

Kwa vijana ambao hawajawahi kushika slaidi, hiki ni kipande cha filamu chenye ukubwa wa milimita 24 kwa 36, ndani ya fremu ya kadibodi au plastiki. Kabla ya kompyuta, mwalimu alizima taa, akawasha projekta, na darasa zima likaona ukutani dalili za ugonjwa. Ugonjwa wa ndui ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980. Tabibu anayesoma leo ataujua kwa picha tu.

Picha hizi hazikuwa pambo. Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, akaona mtoto mwingine wa namna hiyo hiyo. Alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika akiuliza kama waliwahi kuona uvimbe huo. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban maili 10,000 wakifuatilia majibu. Ikabainika kwamba uvimbe huo huonekana zaidi penye joto na mvua nyingi, maeneo yale yale ya malaria. Hapa Kenya, ni kanda ya Ziwa na Pwani. Leo saratani hiyo inaitwa kwa jina la Burkitt. Hospitali za mashinani ndizo zilizojibu swali lake, na picha ndiyo iliyowawezesha kuelewa anachouliza.

Adui wa slaidi ni unyevu, joto na mwanga. Kuvu hula utando wa jelatini unaobeba picha. Ukiona kuvu, usifute kwa maji, kwa sababu utando ulioliwa huyeyuka na picha ikapotea mkononi mwako. Tumia kipuliza hewa cha mpira na brashi laini, na uvae glovu. Filamu nyingi hupoteza rangi zikabaki wekundu mtupu. Kodachrome hudumu zaidi gizani, lakini hata hiyo haitengenezwi tena, na maabara ya mwisho iliyokuwa ikiisafisha iliacha kupokea filamu hizo mwisho wa mwaka 2010.

Msiogope hesabu. Slaidi moja ikipigwa skana kwa nukta 4,000 kwa inchi hutoa faili ya takriban megabaiti 64. Slaidi 10,000 ni kama gigabaiti 640, ambazo zinatosha katika diski moja unayoweza kuishika kwa mkono. Tuweke nakala tatu, moja ikae nje ya hospitali. Kinachochukua muda ni mikono ya watu. Tukitumia dakika tatu kwa kila slaidi, hizo 10,000 zitahitaji saa 500.

Na msianze na skana. Anzeni na maandishi ya wino kwenye fremu: mwaka, wodi, ugonjwa. Piga picha fremu yenyewe, pande zote mbili, na usibadilishe mpangilio wa sanduku. Picha isiyo na maneno yake haimfunzi mtu.

Sasa kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, nikifanya kazi kwingine, nilichapisha slaidi ya mama mwenye uvimbe wa shingo. Nilimwekea mstari mweusi machoni, nikadhani nimemficha. Baada ya wiki moja mzee mmoja akaja ofisini na lile jarida amelikunja mfukoni.

“Kijana wangu,” akasema, “huyu ni mama yangu. Nimemjua kwa shanga zake. Nani alimwomba ruhusa?”

Nikamwambia, “Samahani, mzee.” Sikuwa na jibu jingine. Alipoinuka kwenda, akaniuliza kama anaweza kupata nakala isiyo na ule mstari. Hakuwa na picha nyingine ya mamake.

Mzee yule alinifunza mambo mawili kwa siku moja. Picha ya mgonjwa si mali ya anayeishika. Na tukiiacha ioze, tunaweza kuwa tunaozesha kumbukumbu pekee ya familia ya mtu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Kwa hivyo jina la mgonjwa lisiwe jina la faili. Daftari la majina likae kando, chini ya kufuli. Picha za watoto na za sehemu za siri zisitoke nje ya mafunzo ya udaktari. Na mtu yeyote asipige slaidi kwa simu na kuituma kwenye WhatsApp, hata kwa nia njema.

Kwenu wakazi mtakaosoma maneno haya: kama ulikuwa muuguzi, tabibu au mpiga picha wa hospitali, tunahitaji kumbukumbu yako kabla hatujaipoteza pamoja na rangi. Kama una sanduku la slaidi nyumbani, usilitupe wala usilichome. Lifikishe kwa ofisi ya rekodi ya hospitali iliyo karibu nawe. Na kama unaamini jamaa yako yumo katika picha hizo, njoo uulize. Utasikilizwa.