Jicho, Tezi na Dawa Inayolenga



Mwaka 1835 tabibu Robert Graves wa Dublin alieleza habari za wanawake waliovimba tezi ya shingo huku mioyo yao ikienda mbio. Miaka mitano baadaye Karl von Basedow, huko Ujerumani, aliiweka pamoja shingo, moyo na macho yaliyotokeza. Kwa muda mrefu lawama ziliiangukia tezi. Ndipo mwaka 1956 Adams na Purves wa New Zealand walipogundua kwamba damu ya baadhi ya wagonjwa hawa ina kitu kinachoichochea tezi kwa muda mrefu kuliko homoni ya kawaida. Kitu hicho ni kingamwili. Tezi ilikuwa inapokea amri tu.

Hapo ndipo fumbo la macho linapofumbuka. Nyuma ya jicho, ndani ya tundu la mfupa, zipo seli zenye vipokezi kama vya tezi, na ubavuni mwake vipokezi vya IGF-1, homoni ya ukuaji wa seli. Kingamwili zikizichochea, seli hizo hutoa kemikali inayofyonza maji, nyingine hugeuka mafuta, na misuli ya jicho huvimba. Mfupa hautanuki. Jicho halina pa kwenda ila mbele, na mshipa wa fahamu wa kuonea huweza kubanwa. Ndiyo maana mtu aweza kutibiwa tezi ikatulia, na macho yakaendelea kuharibika. Tiba ya iodini ya mionzi huweza hata kuyazidisha.

Dawa iitwayo teprotumumab ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, ikashindwa kazi huko. Ikahamishiwa kwenye jicho, kuziba kipokezi cha IGF-1. Katika utafiti uliotangulia kuidhinishwa kwake Marekani, Januari 2020, wagonjwa walikuwa 83. Baada ya wiki 24, asilimia 83 ya waliopewa dawa macho yalirudi ndani kwa milimita 2 au zaidi. Kwa waliopewa dripu isiyo na dawa, asilimia 10. Milimita mbili kwenye rula si kitu. Kwa mgonjwa anayelala kope hazikutani, kioo cha jicho kikikauka hadi asubuhi, ni jambo kubwa.

Lakini kulenga si kupata shabaha moja. Kipokezi hicho kipo pia sikioni na kwenye njia za sukari. Wapo waliopungukiwa usikivu, wapo waliopandwa na sukari, na mjamzito hapewi. Wengine ugonjwa huwarudia. Dripu ni nane, kila wiki tatu, na bei yake Marekani hupita dola 300,000 kwa mgonjwa mmoja. Sioni wizara yoyote ya afya katika ukanda wetu ikiibeba bei hiyo, na sidhani ni busara kuisubiri.

Tulicho nacho kinatosha kuanza: kuidhibiti homoni ya tezi mapema, steroidi za mishipani kwa jicho linalowaka, na seleniamu kwa hali nyepesi. Sigara huongeza ukali wa ugonjwa na kudhoofisha tiba. Nawasihi madaktari wa tezi: mwulizeni kila mgonjwa kama anavuta, na mpime macho yake kabla ya kumwandikia iodini ya mionzi. Nanyi mlio na ugonjwa huu, rangi zikianza kufifia machoni, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.