Tuilinde Amplifaya ya Kikundi

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, Wundanyi)



Leo tuzungumze juu ya amplifaya ya gitaa. Kikundi kimechanga kidogo kidogo mpaka ikanunuliwa. Jumapili inatumika kanisani, Jumamosi inakodishwa arusini, na pesa zinaingia katika hazina. Ikiungua, ni jasho la watu wengi limeungua.

Stima ya nyumbani hapa Kenya ni volti 240. Lakini huku milimani nyaya zinatoka mbali, na miti huziangukia wakati wa mvua na upepo. Jioni kila mtu akiwasha, volti hushuka na taa hufifia. Stima ikipotea, mara nyingi hurudi kwa kishindo. Na waya wa nyutro ukikatika, nyumba nyingine hupata volti nyingi mno, zikielekea hata 415. Dalili ni hii: taa zako zinang'aa kupita kiasi na za jirani zimefifia. Ukiona hivyo zima kila kitu, halafu uwaarifu Kenya Power.

Sasa tufanye nini?

1. Stima ikipotea, chomoa plagi. Ikirudi, ngoja kama dakika tano. Taa ikitulia, ndipo uchomeke.

2. Nunueni kifaa cha kinga. Kuna kile cha kukata tu: volti zikizidi au zikipungua kinakata, kisha kinangoja stima itulie. Hakirekebishi kitu. Stabilaiza ndiyo inayopandisha volti zikiwa chini na kuzishusha zikiwa juu. Someni nyuma ya amplifaya inakula wati ngapi. Ikila 300, msinunue stabilaiza ya 300 kamili. Tafuteni ya 500 au 600.

3. Fyuzi ikikatika, weka ya namba ile ile. Fyuzi ya ampia 13 kwenye plagi hupitisha zaidi ya wati 3,000, na amplifaya ndogo inatosheka na ya ampia 3. Kufunga waya au karatasi ya sigara ni kumfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi.

4. Msikate waya wa ardhini. Wako wanaoukata ili mngurumo upungue. Hapana! Nyuzi za gitaa zimeungana na waya huo. Hitilafu ikitokea, stima itapita mwilini mwa kijana pale midomo yake inapogusa maiki. Amplifaya hununuliwa tena, mtoto wetu hanunuliwi.

5. Radi ikianza kunguruma, chomoeni plagi kabisa. Kuzima swichi hakutoshi, na stabilaiza haizuii radi.

6. Kwenye mkutano wa nje, washeni jenereta kwanza, litulie, ndipo mwashe amplifaya. Zimeni amplifaya kabla mafuta hayajaisha.

7. Mkiletewa amplifaya na marafiki wa Marekani, tazameni maandishi ya nyuma. Nyingi za kule ni za volti 120. Bila transfoma ya kushusha, itaungua siku ile ile.

Wenzangu, mchagueni mtu mmoja wa kuitunza, na kila ikikodishwa wekeni kando kiasi kidogo cha kununua stabilaiza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kikao kijacho, kila kikundi kije kimekwisha kutazama fyuzi na plagi yake.