Hukumu ya Kupoteza: Kubana Data za Hali ya Hewa



Chuo hiki, kilichoanza mwaka 1953 kikiwafundisha machifu na watumishi wa serikali za mitaa, huenda kisidhaniwe kuwa ni mahali pa kuzungumzia setilaiti. Walakini hoja yangu jioni hii ni kwamba kubana data za hali ya hewa, kazi ambayo aghalabu huachiwa mafundi wa kompyuta peke yao, kwa hakika ni hukumu ya nini kipotee na nini kibaki, na hukumu itolewayo kwa niaba ya umma haiwezi kuwa siri ya mafundi.

Jambo lenyewe si geni. Mpimaji wa kituo cha hali ya hewa hakupeleka habari zake kwa maelezo marefu, bali kwa mafungu ya tarakimu tano tano. Fungu 10241 lilimtosha msomaji wa mbali kujua kwamba joto la hewa ni nyuzi 24.1, maadamu 1 ya mwanzo hutaja joto, na 0 ifuatayo huarifu kwamba halikushuka chini ya sifuri.

Tangu mwaka 2002, iliporushwa setilaiti ya kwanza ya kizazi cha pili cha Meteosat, mambo yamezidi kimo. Kifaa cha setilaiti za kizazi hicho hulitazama bara letu kwa chaneli 12 kila dakika 15, yaani mara 96 kwa siku, na katika 11 kati ya chaneli hizo kila picha ina nukta 3,712 kwa 3,712, karibu milioni 13.8, ilhali ile ya kumi na mbili ina nukta nyingi zaidi.

Faraja ni kwamba nukta jirani hufanana. Claude Shannon alibainisha mwaka 1948 kwamba ujumbe hubeba habari kwa kadiri usivyotarajiwa. Basi ikiwa wingu juu ya Kilosa lasomeka 251, jirani yake 251, na afuataye 252, hatuna haja ya kuziandika namba zote. Huandikwa ya kwanza, kisha tofauti, 0 na 1, na kwa kuwa tofauti ndogo ndizo nyingi, hupewa alama fupi kuliko zote, kwa namna aliyoionyesha David Huffman mwaka 1952. Kwa njia hii hakipotei kitu.

Njia ya pili hubana zaidi: huipambanua picha kuwa mawimbi makubwa na madogo, kisha ikayatupa madogo yaonekanayo hayana uzito. Hapo ndipo penye hatari. Mnamo Februari 1970 mvua ya saa chache tu iliporomosha udongo wa Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, hasa penye mashamba na malisho kuliko penye msitu. Dhoruba ya namna hiyo, katika picha ambayo hata chini ya setilaiti nukta yake ni kilomita 3, hukaa katika nukta chache mno. Na kilele cha wingu chenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri, kikizungukwa na mawingu yasiyo na baridi kali, kinaweza kulainishwa hadi 60, huku wastani wa kosa wa picha nzima ukibaki mdogo na ripoti ikisomeka vizuri. Wastani husifu mamilioni ya nukta tulivu. Mkulima wa Mgeta hudhurika kwa hizo chache.

Kwa hiyo nawaomba wanaosomea utawala, watakaoandika mikataba na kusimamia bajeti, wadai mambo matatu: kwamba itajwe kwa maandishi kosa kubwa kabisa linaloruhusiwa kwa kila nukta, wala si wastani pekee; kwamba mpaka huo uwekwe na watabiri pamoja na wasimamizi wa maafa, si na muuzaji wa mitambo; na kwamba nakala kamili ihifadhiwe kwa njia isiyopoteza, hata gharama ikizidi. Diski hununuliwa tena mwaka ujao, lakini alasiri ya dhoruba haipimwi mara ya pili, na watakaotaka kujua mvua za Uluguru zimebadilika vipi hawatakuwa na ushahidi mwingine ila huu tulio nao kwa dhamana.