Mita Sitini Zinaanzia Wapi? Jamii, Mila na Ulinzi wa Ukingo wa Ziwa Victoria

Mada kwa semina ya wenyeviti wa vijiji, maafisa uvuvi na viongozi wa BMU (vikundi vya usimamizi wa fukwe), Mwanza

1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie nafasi ya jamii na mafundisho ya wenyeji katika kulinda maziwa ya maji baridi. Maana ya ziwa, bonde na ushirikishwaji sote tunazijua, kwa hiyo nazipita. Inatosha kukumbushana kwamba Ziwa Victoria lina kilometa za mraba zipatazo 68,800, kwamba nchi tatu zinaligawana, na kwamba karibu nusu yake iko kwetu. Muda uliobaki nautumia kwa jambo moja: ukingo.

2. Mafundisho tuliyonayo

Kabla ya kufika ukingoni, tuangalie mifano miwili ya wenyeji. Kisiwani Ukara, wilayani Ukerewe, ardhi ni finyu na watu ni wengi tangu zamani. Wakara walifuga ng'ombe ndani, wakawakatia majani, wakapeleka samadi shambani na kujenga makinga maji kwenye miteremko. Udongo ukabaki shambani badala ya kushuka ziwani.

Wasukuma nao wana ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili lisaidie kiangazi. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ulipiga hatua kubwa ulipoigeukia ngitili. Nyingi hazina nguzo wala senyenge, lakini wenyeji wanajua mpaka ulipo, na anayeuvuka hujibu mbele ya dagashida, baraza la jadi, palipo na majirani zake.

3. Tatizo la ukingo

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ziwani, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu mazingira. Ni sheria nzuri. Swali ninalolileta kila kikao ni hili: mita 60 kuanzia wapi?

Ziwa hili halitulii. Mwaka 2006 lilishuka sana, na watu wakayafuata maji kwa majembe. Mei 2020 likapanda hadi kupita kidogo kimo cha mwaka 1964. Tofauti ya kimo kati ya 2006 na 2020 inazidi mita mbili, na kwenye ufukwe tambarare hiyo ina maana kwamba maji huingia mbali sana nchi kavu. Aliyekuwa nje ya mpaka akajikuta ndani bila kuhama. Nimeona bikoni ya mpaka, ya zege, iliyozungukwa na maji, wavuvi wameifungia kamba ya mtumbwi. Wenzetu wa Uganda, kwa kanuni zao za mwaka 2000, wanalinda mita 200, na wanazipima kutoka pale maji yanapoishia yakipungua. Ziwa moja, vipimo viwili.

Huku tukibishana, mkulima anafyeka mafunjo, anayachoma, anapanda nyanya kwenye tope jeusi, na bomba la dawa analisuuza papo hapo. Simlaumu, ana watoto wa kulisha. Lakini mafunjo ndiyo yanayochuja tope na mbolea. Sato hulelea vifaranga kwenye maji mafupi ya ukingoni. Hata furu, walioliwa na sangara aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, baadhi yao walisalimika ndani ya mafunjo, kwenye maji yenye oksijeni kidogo ambayo sangara hayawezi.

Kwa heshima ya vyombo husika, sisemi nani alaumiwe. Nasema tu kwamba BMU ikimkuta mfyekaji, ofisi ya kwanza hujibu kuwa hilo ni la ofisi ya pili, ya pili huirudisha kijijini, na kijiji huambiwa kisubiri wapimaji. Barua zinajibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Miaka inapita, na mafunjo yanazidi kufyekwa.

4. Mapendekezo

(a) Kila kijiji cha ufukweni kitenge ngitili ya ukingo, yenye mafunjo, matete na mazalia ya samaki.
(b) Mpaka wake uonyeshwe na wazee, wavuvi na wanawake wanaochota maji, kisha mpimaji aurekodi. Asitangulie yeye.
(c) Mita 60 zibaki kuwa kiwango cha chini, na mamlaka zitamke zinapimwa kutoka wapi.
(d) Mpaka uangaliwe upya kila maji yanapopanda au kushuka.
(e) Sheria ndogo za kijiji ziyatambue maamuzi ya baraza la jadi, mradi hayapingani na sheria za nchi.
(f) BMU ipewe nguvu juu ya ukingo pia, na ipewe mafuta ya boti. Ulinzi wa bure haudumu.
(g) Mwenye bustani ukingoni apewe eneo mbadala kabla ya kuondolewa.
(h) Kilimo cha Wakara kifundishwe na maafisa ugani kwenye miteremko inayoelekea ziwani.
(i) Nasisitiza tena: mamlaka zitamke mita 60 zinapimwa kutoka wapi.

5. Hitimisho

Mpaka ambao kijiji hakikuuchora, kijiji hakitaulinda. Namwomba kila mwenyekiti aliyepo hapa, kabla ya masika yajayo, aitishe mkutano mkuu wenye ajenda moja: mafunjo yetu yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Muhtasari wa mkutano huo utumwe halmashauri, na nakala yake ibaki kwa BMU.